Kwa Owuor, Aliyeanza na Mwisho

Owuor, ndugu yangu,

Naanza kama ulivyonifundisha, hoja kwanza. Umekufa, na haikuwa lazima ufe. Ungekuwa hapa ungeipigia mstari sentensi hiyo kwa kile kipande chako cha penseli nyekundu, ukaniambia haya, sasa tuone kama utaweza kuitetea.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Wewe mwenyeji wa Magunga, mimi Mkuria niliyeletwa kufundisha kwenu bila kujua hata neno la kuombea maji ya kunywa. Siku ya kwanza nilikataa chai yako kwa kuwa mimi ni Msabato, na mchana nikakataa samaki wako, yule mumi, kwa kuwa hana magamba. Ukawageukia walimu wengine ukasema, "Huyu jamwa hakunywi chai, mumi hakuli, sasa yeye anakula nini, upepo?" Jamwa ndivyo mnavyomwita kila asiyesema lugha yenu. Uliniita hivyo mpaka likawa kama jina langu la ubatizo. Siku hizi wananiita Mwalimu Mwita, kwa heshima, na heshima hiyo inanichosha.

Habari za hapa si nzuri. Simba yako, kile kijumba chako cha ujana ulichokijenga mwenyewe, imeanza kuinama. Paa limezama upande wa mlango na nyasi zimeoza. Hakuna anayeruhusiwa kuitengeneza, nyumba ya marehemu inaachwa ianguke yenyewe. Kaka yako Ouma amerudi kutoka Kericho na amejenga yake karibu na pale, nzuri, imenyooka. Nikipita huwa natazama upande wa pili.

Ile insha yako ya mwisho imerudi pia. Wasahihishaji wa yale masomo ya posta tuliyokuwa tukijiandalia mtihani pamoja, huko Nairobi, hawakuwa na habari ya kifo chako. Wameandika chini yake: "Utangulizi mzuri. Baada ya hapo hoja zinatawanyika. Hitimisho halipo. Pumzika, kisha uandike upya." Niliyasoma maneno hayo nimesimama mlangoni kwa mwalimu mkuu nikacheka kwa sauti, kicheko kibaya, mpaka akatoka kuona nina nini. Kisha nikalia mbele yake kama mtoto. Karatasi nimeiweka ndani ya Biblia yangu.

Unakumbuka insha yangu ya kwanza? Jumamosi ilikuwa Sabato yangu na asubuhi ya Jumapili ilikuwa misa yako, basi tulibaki na alasiri ya Jumapili, tumekaa kwenye kibaraza cha darasa la saba, kuku wa mwalimu mkuu wakitupita miguuni. Insha tuliziandika kwa Kiingereza, tukazigombania kwa Kiswahili. Swali lilikuwa jepesi: ng'ombe ni mali au ni mzigo kwa mkulima wa leo? Jadili. Mimi, mtoto wa Bukuria, kuulizwa habari za ng'ombe! Nilijaza kurasa. Nilianza kwa kumshukuru msomaji kwa kunipa nafasi. Nikamweleza mimi ni wa ukoo gani, babu yangu alikuwa nani, alitoka wapi na alivuka mto gani. Kwetu ndivyo mtu anavyosimama mbele za watu. Asiyejitambulisha kwa wazee wake atadhaniwa mwizi au mwendawazimu. Wewe ulisoma kimya, ukageuza karatasi, ukageuza tena, halafu ukaandika pembeni kwa penseli nyekundu: "Ng'ombe yuko wapi?"

Alikuwa ukurasa wa tatu. Nilikasirika nikakuambia Wajaluo hamna adabu, mnamfukuza babu wa mtu kwa penseli. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Halafu ukavuta karatasi nyingine ukaanza kunifundisha kwa uvumilivu ambao mimi sina hata leo.

Uliniambia nilisome swali kabla ya kushika kalamu, nilitafute lile neno linaloamuru, kwa maana aliyeambiwa jadili akaeleza tu, huyo amejibu swali la jirani. Uliniambia niandike jibu langu lote kwa sentensi moja kwenye karatasi ya kutupa. Nikishindwa, basi sijui ninachotaka kusema, na heri niende nikachote maji. Kila aya ibebe mzigo wake mmoja. Hoja ikitajwa, ushahidi ufuate, na ushahidi ukifika nieleze unathibitisha nini, kwa sababu ushahidi ni bubu. Sentensi tamu isiyofanya kazi, nifute. Hiyo iliniuma sana, maana nyingi zangu zilikuwa tamu. Na yule anayenipinga nisimfiche nyuma ya nyumba. "Mpe kiti," ulisema, "tena kile kizuri, halafu ndiyo umjibu." Mwisho kabisa, hitimisho lisilete kitu kipya, bali lirudi kwenye mlango nilioingilia.

Nilikuwa nimeanza kuyaweza. Hata ulisema hivyo, Jumapili moja, ukaniambia babu yangu sasa amekaa vizuri nje ya insha anangoja kuitwa.

Halafu aya zako wewe zikaanza kupotea.

Nilidhani ni uchovu. Jumamosi ulikuwa ukishuka bonde la Lambwe na ng'ombe wa baba yako, mle vichakani kwenye mbung'o, ukirudi umeumwa shingoni na mikononi, tukaona ni mambo ya kawaida kama mbu. Kwanza kichwa kikaanza kuuma. Kisha usingizi wa mchana, chaki mkononi, watoto wakisukumana na kucheka. Kisha hasira: ulimrushia mtoto kifutio, wewe uliyekuwa ukininyang'anya kiboko changu. Na insha iliyoanza kwa kilimo cha pamba ikaishia kwa ndege fulani, katikati ya sentensi, mstari wa wino ukashuka mpaka ukingoni mwa karatasi pale mkono wako ulipolala.

Wewe ndiye uliyeutambua ugonjwa, si mimi. Watu wa afya walikuja barazani kwa chifu wakaeleza dalili za malale, ule ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, nawe ulisikiliza ukiinamisha kichwa, kama unavyosikiliza kila kitu, ukitafuta hoja. Tukirudi shuleni ulisema tu, "Mwita, ni hiyo." Nikakuambia basi kesho twende hospitali. Ukasema kesho kutwa, kwanza umwambie baba.

Nyumbani kwenu walikuwa na jibu lao tayari. Ulijenga simba yako kabla ya Ouma kujenga yake, naye ndiye mkubwa. Mdogo hamtangulii mkubwa. Anayemtangulia hupatwa na chira, laana ya mwiko uliovunjwa, hukonda, huchakaa, hufa. Dawa ni Ouma arudi kutoka kwenye majani chai ya Kericho, nyote mnyweshwe manyasi, zile dawa za kusafisha, na mambo yapangwe upya. Mpaka hapo usitoke nyumbani, kwa sababu ukifia ugenini na jambo hilo halijasafishwa, litawarukia wadogo zako.

Asubuhi uliyokwenda kumwambia baba uliniomba niwepo. Baba yako alikaa kwenye kigoda chake, baba yako mdogo pembeni. Ulisimama ukishika nguzo. Salamu ulizikata. Babu yako hukumtaja. Ulisema, kwa Kidholuo nilichokuwa nimeanza kukifuata, kwamba una malale, kwamba unataka kwenda hospitali wiki hii, na kwamba sababu zako ni hizi. Ukazitoa moja baada ya nyingine, kila moja na ushahidi wake. Kwa siku nyingi hukuwa umeweza kumaliza sentensi, na pale ulizimaliza zote, jasho likikutiririka mpaka kwenye kola. Nilikuwa naziona aya, Owuor. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika, na uliiandika hewani.

Ila chira ulimpa neno moja tu: hakuna kitu kama hicho. Wewe, mwalimu wa kiti kizuri, hukuwapa wazee hata mkeka.

Baba yako mdogo alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili ili mgeni nisikose kuelewa: "Mwalimu, huyu rafiki yako ameanza na mwisho. Mtu anaanza na mwisho, huyo anataka kufika huko mbio." Baba yako alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alitazama chini. Siku ile niliona kuwa ni ukaidi mtupu. Sasa nadhani alikuwa anangoja umpe mahali pa kushika, nawe hukumpa, na hukuwa na nguvu za kurudia.

Baada ya asubuhi ile hukupanga tena maneno. Barua ikaenda Kericho. Tukangoja mtu mkubwa aje aweke mambo sawa, tukakulisha kwa kijiko, ukatuita kwa majina ya watu wengine. Nilizungumza mpaka nikafukuzwa kwenu kwa upole, nikarudi nikafukuzwa tena, safari ya pili bila upole. Ouma alifika kaburi limekwisha kuchimbwa.

Matangani mtu mmoja, simtaji, alitikisa kichwa akasema sikio la kufa halisikii dawa, akikusema wewe. Nilitaka kumshika shati. Sikio lililokataa dawa halikuwa lako. Mwalimu mkuu alinivuta mkono nikakaa.

Nikiwa nimekaa hivyo, nimejaa sumu, baba yako mdogo akasimama kusema. Alianza mbali mno, kwa babu yenu aliyeingia bonde hili na mkuki na mbwa. Akawasifu wakwe. Akawashukuru waliochota maji. Akanisifu hata mimi. Moyoni nilikuwa nikimuuliza kwa chuki: mzee, ng'ombe yuko wapi? Kisha nikaanza kumwona ng'ombe. Alitaka Ouma asirudi Kericho, abaki na wazazi, lakini hakulitamka neno hilo. Alieleza jinsi kijana anavyopata mshahara mzuri kule, akasema si vibaya, kila mtu na riziki yake. Akaeleza boma lilivyo bila mtu wa kukimbiliwa nyoka akionekana. Halafu akakaa chini, na Ouma mwenyewe, uso umelowa, ndiye aliyesema kwamba atabaki.

Omera, ndugu yangu, ule nao ulikuwa muundo. Ulikuwa na utangulizi, ulikuwa na hoja, mpinzani alipewa kiti. Hitimisho tu ndilo lililoachwa mdomoni mwa msikilizaji. Babu yangu, yule uliyemfukuza kwa penseli nyekundu, alikuwa akilijua hilo, na mimi nilimfukuza pamoja nawe.

Sasa nikuambie habari za Awino. Mdogo wako nilikuwa naye darasa la saba, mwepesi, mwenye mdomo kama wako. Mvua zilipoanza alilala juu ya dawati katikati ya hesabu. Wenzake hawakucheka safari hii. Nilisimama pale na chaki yangu, nikakumbuka ni yeye aliyekuwa akikuletea chakula bondeni. Jioni hiyo hiyo habari zikazunguka Magunga kwamba limewarukia wadogo, kama ilivyosemwa.

Sikukimbilia kwenu, ingawa miguu ilitaka. Nilikwenda kesho yake alasiri, saa ya mgeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Nilikaa pale nilipoonyeshwa. Mama yako alinimiminia chai na nikainywa yote, Mungu anisamehe, maana nisingeweza kuanza kwa kukataa.

Nilimsalimia baba yako kwa jina lake la heshima, Jaduong', nikamtaja baba yake na babu yake, wale niliowasikia matangani. Nikamtaja babu yangu mimi na mto aliovuka. Nikasema boma hili limenilisha nilipokuwa sijui kuomba maji. Kisha nikamleta chira, nikampa kiti kizuri kuliko vyote. Nikasema sibishani naye; wazee wameona mengi kuliko vitabu vyangu, na utaratibu wa kujenga haukuwekwa bure. Ouma amerudi, amejenga, manyasi mmekunywa. Kilichotakiwa kufanywa kimefanywa, na kimefanywa vizuri. Baba yako mdogo akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipomwingiza ng'ombe. Nilimwomba baba yako anieleze wale ng'ombe wake waliokufa bondeni walianzaje. Akanieleza taratibu: walikonda, manyoya yakasimama, wakawa wanalala mchana, mwisho wakashindwa kuinuka. Nikauliza waliumwa na nini. Akasema mbung'o, kila mtu hapa anajua ni mbung'o. Nikaweka kikombe chini. Kisha nikasema, "Na hao ng'ombe, Jaduong', walijenga simba kabla ya kaka yao?"

Hakuna aliyecheka. Hitimisho lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu, hospitali, hospitali, na sikulisema. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kule kunyamaza. Nilikuwa naogopa kuwa nimevuka mpaka, kwamba sasa watanifukuza na Awino atakufa ndani ya ile nyumba kama ulivyokufa wewe. Mama yako alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Baba yako alitazama kule kulikokuwa na zizi, sasa halina kitu, akatazama muda mrefu. Halafu akasema, "Hiyo lori ya pamba inapita hapa siku gani?"

Lori lilimpeleka Awino hospitalini Homa Bay, mama yako kando yake. Alichomwa ile sindano ya mgongo inayoogopwa na kila mtu, akapewa dawa ambayo mama yako anasema ilimfanya mtoto alie kama anayeungua. Wengine waliolazwa naye hawakurudi makwao. Awino amerudi. Amekonda, mkono wa kulia unatetemeka, na maneno mengine anayatafuta asiyapate. Mtihani wa mwaka huu hataufanya. Akija shuleni anaandika sentensi, anapumzika, anaandika nyingine. Lakini zinafuatana, Owuor. Nimezisoma kwa hofu kama mtu anayepima mbao za daraja bovu, na zinafuatana.

Ningependa kuishia hapo. Lakini baba yako alikuja shuleni. Alikuja peke yake na fimbo yake, akasimama dirishani mwa lile lililokuwa darasa lako mpaka watoto wakatoka wote. Nilidhani Awino amezidiwa. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini kijana yangu hakuniambia namna hiyo?"

Jibu nilikuwa nalo, na ninalo hadi sasa. Kwamba alikuambia, mzee. Alikuambia waziwazi, amesimama kwa nguvu zake za mwisho, hakuwa na pumzi ya kuzunguka kwa babu na mto. Kwamba mgonjwa hapaswi kuomba uhai wake kwa mpangilio unaokupendeza. Nina hasira naye, Owuor, na nina hasira nawe pia, uliyejua kila kanuni na ukaisahau ile moja siku uliyoihitaji. Lakini alikuwa ameshika ukuta kwa kiganja, na mkono ule ni kama wako, vidole vile vile. Nikamwambia, "Alikuwa mgonjwa, Jaduong'." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mtihani wetu nitaufanya mwisho wa mwaka, kiti chako kikiwa kitupu mahali fulani ndani ya chumba kile. Nitaanza na hoja, kwa sababu wasahihishaji hawana haja ya babu yangu. Watoto wa darasa lako nimewachukua mimi. Nawafundisha kulitafuta neno linaloamuru, na kuleta ushahidi, na kumpa mpinzani kiti. Kisha nawaambia jambo ambalo halimo katika masomo ya posta: kabla hujashika kalamu, jua unamwambia nani, maana kuna watu wa kuambiwa mwisho kwanza na kuna watu wa kuachiwa mwisho wauseme wenyewe. Wananiangalia kama ninatania. Nakuahidi sitaacha kuwaambia. Nakuahidi pia Awino ataandika insha nzima, hata ichukue miaka, na nitaisahihisha kwa kipande hiki cha penseli yako kilichobaki.

Kwaheri, omera. Uliniambia hitimisho halileti kitu kipya, basi sileti. Narudi kwenye mlango nilioingilia. Umekufa, na haikuwa lazima ufe. Nimeitetea kadiri nilivyoweza. Laiti ungekuwepo uipinge.

Jamwa wako,
Mwita